Kadi ya Tatu

Klabu ya Inverduthie ina mashimo tisa tu.
Unayazunguka mara mbili, mvua ya Uskoti ikikuchapa
shavu la kulia kwanza, halafu la kushoto.
Effie Rennie anataka hendikapu.
Ana miaka sitini na minane
na fimbo za marehemu mumewe, zinazomzidi kwa inchi mbili.

Karani alimweleza dirishani, mdomo umejaa biskuti:
mashimo hamsini na manne, mama, kadi zenye sahihi mbili,
yako na ya shahidi.
Ukizidisha mapigo matano juu ya kipimo cha shimo,
okota mpira, nenda zako.
Mwishowe kompyuta itakupa namba,
na namba hiyo ndiyo wewe.

Shahidi ni mimi.
Miaka arobaini nimepima soseji katika mji huu,
na watu waliiamini mizani yangu
hata siku nilizoweka kidole.

Kadi ya kwanza: mia moja ishirini na moja.
Ya pili: mia moja ishirini na tatu, kwa sababu ya upepo
na kondoo aliyelala kwenye shimo la sita
akakataa katakata kuhama.
Kila pigo alilisukumia shanga kwenye uzi wa mkobani,
tik,
bila kukunja uso, bila kuapa,
kama mtu anayelipa deni dukani senti kwa senti
na kuona raha ya kulipa.

Leo ya tatu. Shimo la kumi na nne,
mpira ukaingia vichaka vya miiba,
vile vya maua ya njano yanayonukia nazi.
Akazama humo peke yake.
Nilisikia fimbo ikikata hewa,
fyuu,
kisha kimya,
kisha tena, na safari hii mpira ukaruka.

Kichaka hicho nakijua.
Lachlan alikuwa akiingia humo kila Jumamosi
na kutoka na mpira mweupe kuliko ulioingia.
"Manne, Gib," atasema, nami naandika manne.
Njia ya mwongo ni fupi,
na ya Lachlan ilikuwa fupi kwelikweli:
hendikapu kumi na moja,
jina kwa herufi za dhahabu ubaoni, juu ya mashine ya chai.
Sahihi ya pili katika kadi zile zote,
mkitaka kuzitafuta,
ni G. Tarves.

Mpira ulipodondoka shimoni nikasema, "Saba."
"Nane," akasema Effie. "Moja ilikosa. Hukuiona."
"Sikuiona."
"Mimi nilikuwepo."

Kalamu ya risasi ya klabu haizidi kidole gumba.
Nikaandika nane, na ile nane ikatoka mbovu,
duara la juu halikufunga.
Alikuwa anafuta fimbo kwa taulo la jikoni.
"Yeye alikuwa akikosa mara ngapi humo, Gib?"
Nikamwambia upepo umegeuka,
shimo linalofuata atumie fimbo namba tano.
Akaitumia. Ilimfaa.

Mia moja na kumi na saba.
Tukatia sahihi juu ya meza yenye maji,
wino ukasambaa kidogo katika jina langu,
jina lake likakaa.

Karani akabofya, akasubiri, akabofya.
Hamsini na moja nukta nne.
Effie aliisoma mara mbili, kwa sauti,
kama anayeitwa hospitalini kwa jina lake kamili.
Hakuinua macho ubaoni. Alikuwa amekwisha kuinua,
nadhani, zamani sana, kabla sijajua.

Akanunua chai mbili. Yangu akaitia sukari bila kuniuliza.
"Na wewe hendikapu yako ngapi?"
Nikasema sina, sijawahi kupeleka kadi,
kazi yangu ilikuwa kuandika za wengine.
Akatoa uzi wa shanga mkobani,
akazirudisha zote upande mmoja,
akauweka karibu na kikombe changu.
"Jumamosi, saa mbili asubuhi," akasema.
"Kalamu nitashika mimi."